Ukilinganisha na nini?

Dar es Salaam haina uhaba wa wachambuzi wa sera. Kaa kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo, panda daladala ya Gongo la Mboto, subiri zamu yako saluni: utaelezwa kwa nini maisha yamepanda, kwa nini mtoto anamaliza darasa la pili hajui kusoma, tozo ya miamala ya simu ilimfanya nini mama lishe, mwendokasi umewaletea nini watu wa Kimara. Anayesema mara nyingi ana hoja, kwa sababu anazungumzia jambo lililompata. Mimi nilisoma uchumi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kazi yangu ni utafiti, na watu hawa nawasikiliza kwa heshima zote. Ila kila nikiwasikiliza linanijia swali ambalo mwalimu wetu wa takwimu hakuchoka kutuuliza kila tulipompelekea jibu: ukilinganisha na nini?

Chukua huo mwendokasi, mabasi yetu yanayopita kwenye njia yao maalumu. Ulianza kubeba abiria Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani. Muulize mpangaji wa Kimara, atakwambia kodi ya chumba ilipanda baada ya hapo. Simbishii. Lakini ingepanda kiasi gani kama barabara ile isingejengwa? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja walioongezeka wanalala mahali fulani, na kodi ingesogea hata pale ambapo basi halipiti. Sehemu ya ongezeko la Kimara ni ya mwendokasi, sehemu ni ya jiji kujaa. Kuzitenganisha sehemu hizo mbili ndiyo kazi yenyewe. Mtafiti wa sera anaitafuta ile Dar ambayo haikutokea, ili aiweke kando ya hii tuliyo nayo.

Dar hiyo haionekani kwa macho, kwa hiyo inabidi ijengwe kwa akili. Zana za kuijengea zipo, na baadhi ya kazi nzuri zilizofanywa kwa zana hizo zimefanyika hapahapa kwetu. Nasikitika kwamba hazizungumzwi. Tunazo kwenye majarida ya kisomi, kwa Kiingereza kigumu, wakati mitaa inayoelezwa humo ni Manzese na Sinza.

Basi tuanze na Manzese na Sinza. Shuka mwendokasi Manzese, ingia ndani kwa miguu kuelekea Uzuri, halafu nyoosha mpaka Sinza. Ni mwendo mfupi. Upande wa Manzese utapita vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja anampisha mwenzake kwa kujibana ukutani. Paa la nyumba hii linamwagia maji msingi wa nyumba ile. Mama anakaanga mihogo mlangoni, na karai lake liko hatua moja kutoka kwenye mfereji. Nyumba ikishika moto, gari la zimamoto litabaki barabara kubwa. Ukifika Sinza, barabara zinakatana vizuri, kila kiwanja kinafikiwa na gari, nyumba za zamani za vyumba vinne zimegeuzwa ghorofa, na kila kona ina fremu za maduka, gereji na sehemu za kula. Uliza kwa nini, utaambiwa Sinza wanakaa wenye kipato na Manzese wanakaa walalahoi. Jibu hilo linaanzia mwisho wa habari.

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliendesha mradi wa viwanja vyenye huduma kwa fedha za Benki ya Dunia. Uliendeshwa kwa namna mbili. Mahali ambapo bado palikuwa mashamba na vichaka, kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, viwanja vilipimwa kwanza, barabara zikachongwa, maji yakapelekwa, kisha watu wakagawiwa wajenge kwa nguvu zao. Mahali ambapo watu walikuwa wameshajenga bila mpango, Manzese ikiwemo, barabara na huduma ziliingizwa katikati ya nyumba zilizokuwepo. Mradi mmoja, kipindi kilekile, ila utaratibu tofauti: huku mpango ulitangulia nyumba, kule nyumba zilitangulia mpango.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, mchumi Guy Michaels na wenzake waliyarudia maeneo hayo katika miji 7 ya Tanzania, na kazi yao ikachapishwa 2021. Hawakulinganisha Sinza na Manzese moja kwa moja, maana hapo ungekuwa unalinganisha pori na mtaa uliokwisha kujaa. Walichukua picha za satelaiti na ramani za zamani, wakatazama mipaka ya maeneo ya mradi. Vipande viwili vya ardhi vinavyopakana, vyote vilikuwa vitupu kabla ya mradi; kimoja kikaangukia ndani ya mstari wa mpimaji, kingine nje. Umbali wa kutoka mjini ni uleule, udongo uleule, bonde lilelile. Kilichowatofautisha ni mstari. Kile cha nje ndicho kinachotuonyesha Sinza ambayo haikutokea.

Wakakuta kwamba maeneo yaliyopimwa kabla ya ujenzi yana majengo makubwa zaidi, yaliyopangika, yenye njia na huduma bora kuliko majirani zake wa nje ya mstari, na tofauti hiyo imedumu miongo yote hiyo. Maeneo yaliyoboreshwa baada ya watu kujenga hayakuonekana kuwa na nafuu ya kueleweka yakilinganishwa na majirani zake ambao mradi haukuwagusa. Fedha ilitumika, barabara zilipita, na baada ya miaka athari ikafifia.

Kuna upande wa pili wa matokeo hayo na lazima usemwe. Viwanja vilikusudiwa watu wa kipato cha chini, lakini waliokuja kuishi kwenye maeneo yaliyopimwa ni watu wenye elimu na uwezo zaidi. Kwa hiyo utafiti ule unatuambia mengi kuhusu mtaa, na machache kuhusu yule fundi seremala au muuza samaki ambaye jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya mgao wa mwanzo. Aliuza akapata mtaji, au alishindwa kujenga akanyang'anywa? Hilo ni swali jingine na linataka takwimu nyingine. Hata hivyo, nikipita Chanika, Mbezi Msumi au ndani ya Kigamboni nikaona misingi inavyochimbwa pale ambapo barabara ingetakiwa kupita, moyo unauma, kwa sababu jibu la sehemu hii ya swali tunalo. Mpimaji akitangulia, mtaa unakaa vizuri kwa vizazi. Akifika baada ya nyumba, anakuta hana pa kuweka bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa na wazo hilihili. Ningekuwa na sauti kwenye bajeti ya ardhi ya mkoa huu, shilingi ya kwanza ingekwenda pembezoni, kabla mchanga haujamwagwa.

Jambo la pili linanigusa kifamilia. Mama yangu mdogo alifiwa na mume wake Vingunguti. Nyumba waliijenga pamoja, tofali kwa tofali, yeye akiuza maandazi na mume akiendesha gari la mizigo. Kabla ya arobaini, kaka za marehemu wakaja na karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, ina jina moja tu, la mwanaume. Mambo yalimalizika kwa wazee kukaa, na alibakiwa na vyumba viwili. Kila mtaa wa jiji hili una mama wa namna hiyo.

Sasa tuseme wewe ni afisa ardhi wa manispaa unayeendesha urasimishaji, yaani kuwapimia na kuwapa hati watu waliojenga bila mpango. Unatamani jina la mke liwemo kwenye hati. Lakini unaogopa, na hofu yako ina msingi: ukilazimisha jina la mke, je, wanaume hawataamua kuacha kabisa kuchukua hati? Hapo utakuwa umekosa yote mawili. Unaweza kuitisha semina na watu wakabishana kutwa nzima, mmoja akitaja mila, mwingine Katiba. Au unaweza kujaribu na kupima.

Daniel Ayalew Ali na wenzake walijaribu, kwenye makazi yasiyopimwa ya Kinondoni, na walichapisha matokeo 2016. Kaya ziligawiwa kwa kura, yaani kwa bahati nasibu, vocha za kupunguza gharama ya hati. Baadhi ya vocha hazikuwa na masharti. Nyingine zilikuwa na sharti moja: punguzo unalipata iwapo mwanamke ameandikwa kuwa mmiliki au mmiliki mwenza. Kwa sababu kura ndiyo iliyogawa, wenye vocha ya sharti na wasio na sharti walikuwa watu wa aina moja: mtaa uleule, mila zilezile, uwezo uleule. Tofauti yoyote itakayoonekana baina yao ni kazi ya sharti.

Sharti halikuwapunguza waombaji. Waliowekewa sharti walijitokeza sawa na wenzao, na wanawake wakaandikwa karibu kwa usawa na wanaume. Tena ikaonekana kwamba kilichokuwa kinawazuia watu wengi kuchukua hati ni bei. Ile hofu ya afisa ardhi ilikuwa ya busara, ilipimwa, na ikaonekana haina uzito aliodhani. Mimi huona hapa ndipo utafiti wa uchumi unapokuwa na utu: unachukua hoja ya "wanaume wa hapa hawatakubali", ambayo imefunga milango mingi, unawauliza wanaume wenyewe kwa njia inayogusa mfuko wao, na wao wanakubali.

Si kila jambo linapigiwa kura, bila shaka. Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019 ilikwenda kwa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer kwa majaribio ya namna hii, na baadhi ya kazi za Kremer zinazotajwa sana zilifanyika Busia, Kenya, kwenye shule zilizopewa dawa za minyoo kwa zamu. Ya 2021 ikaenda kwa David Card, Joshua Angrist na Guido Imbens, ambao walionyesha namna ya kujifunza pale ambapo hakuna aliyepiga kura yoyote, kwa kutafuta mipaka, tarehe na kanuni zilizowagawa watu kana kwamba kura imepigwa. Mstari wa mpimaji wa Sinza ni wa ukoo huo.

Kwa mji kama wetu, ugumu unazidi kwa sababu watu wanahama. Rudi Kimara. Tuseme nilidodosa nyumba mia tano kando ya mwendokasi kabla haujaanza, nikazirudia nyumba zilezile miaka mitatu baadaye, nikakuta kipato kimepanda, watoto wanasoma shule za kulipia, kuna friji sebuleni. Naweza kuandika ripoti nzuri sana na picha ya basi la bluu kwenye jalada. Kumbe waliokuwemo mwanzo walishindwa kodi wakahamia Kibamba, na ninaowahesabu ni wageni waliokuja na friji zao. Ripoti itasema maskini wamenufaika, nao hawapo tena.

Wachumi waliotafiti mwendokasi wetu, Clare Balboni, Gharad Bryan, Melanie Morten na Bilal Siddiqi, waliliona shimo hilo mapema. Waliwafuata watu walikohamia, na wakati huohuo wakazirudia nyumba na kuwahoji wapangaji wapya. Ni kazi ya jasho. Mpangaji wa Dar akihama hamwachii mtu anwani. Anaacha namba ya simu ambayo baada ya miezi inasema haipatikani, na unabaki kumtafuta kupitia fundi cherehani aliyekuwa jirani yake, ambaye anamjua shemeji yake wa Tabata.

Kazi mojawapo kubwa ya kuwafuata watu nchini ilianzia Kagera, 1991 hadi 1994, kaya zaidi ya 900, kisha zikatafutwa tena 2004 na 2010. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walilinganisha watu waliotoka kaya moja: mmoja alibaki kijijini, mwingine akaondoka. Baba mmoja, shamba moja la migomba, mwanzo mmoja. Hadi 2004 matumizi ya waliohama yalikuwa yamekua kwa pointi za asilimia 36 zaidi ya ndugu zao waliobaki. Kila nikilikumbuka hilo, nafikiria mabasi yanayoshusha vijana wenye begi moja hapa mjini, na jinsi tunavyozungumza habari zao, kama mzigo wa jiji. Waliowafuata watu wale hadi mwisho wa safari waliona habari nyingine. Ambaye angehesabu waliobaki vijijini pekee angeandika kwamba Kagera haikusonga kama ilivyosonga kweli.

Kwenye elimu nitataja utafiti mmoja, KiuFunza, wa shirika la Twaweza. Shule za msingi 350 katika wilaya 10, mwaka 2013 na 2014, zikigawiwa kwa kura. Shule 70 zilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine 70, walimu wa madarasa ya mwanzo waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la kusoma au kuhesabu. Nyingine 70 zikapata vyote viwili. Zilizobaki 140 hazikupata chochote, na hizo ndizo zilizobeba jibu. Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao walichapisha matokeo 2019: ruzuku peke yake, baada ya miaka miwili, haikupandisha alama za watoto. Vitabu vilinunuliwa, na wazazi nao wakapunguza kidogo walichokuwa wakitoa mfukoni. Bonasi peke yake ilileta matokeo ya nusunusu. Vyote viwili kwa pamoja vilipandisha alama, tena zaidi ya kujumlisha athari ya kimoja na ya kingine.

Nimesikia mabishano ya miaka juu ya fedha za shule, upande mmoja ukisema shule hazina vifaa, mwingine ukisema walimu hawana ari. Pande zote mbili zilikuwa na nusu ya jibu. Angalia kwamba bila lile kundi la shule zilizopata vyote viwili, tungehitimisha kwamba fedha za vifaa ni bure, na tungekosea.

Sasa niseme juu ya takwimu zenyewe, maana watu wanaona namba gazetini wakadhani imeshuka kutoka mbinguni. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ulisema asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Namba hiyo ilianzia mlangoni kwa mtu.

Nimekuwa mdodosaji, na mlango wa namna hiyo naujua. Yombo Vituka, saa tano asubuhi, dada mwenye nyumba anachambua mchele kwenye ungo, mimi nimekalishwa kwenye kigoda na kishikwambi mapajani. Nauliza: wiki iliyopita mlitumia nyanya kiasi gani? Kishikwambi kinataka kilo. Yeye ananiambia mafungu. Fungu la bei gani? La mia tano. Lina nyanya ngapi? Anacheka, anasema inategemea: asubuhi tano, jioni saba, maana muuzaji hataki zilale. Inabidi twende wote gengeni na kamizani kadogo tukapime fungu, asubuhi na jioni. Mafuta ya kula anapimiwa kwenye kifuniko au chupa ndogo. Mkaa ni wa kopo. Tukimaliza vya nyumbani nauliza mume alikula nini huko kazini. Hapo kimya. Atajuaje? Yule bwana anaendesha bodaboda. Supu ya asubuhi, chipsi mayai ya mchana na soda ni siri yake na mama lishe wa kijiweni.

Beegle na De Weerdt, pamoja na Jed Friedman na John Gibson, walilifanyia jaribio jambo hili hapahapa Tanzania, na wakachapisha 2012. Kaya zipatazo 4,000 ziligawiwa kwa kura aina 8 za dodoso. Wengine waliulizwa kukumbuka siku 7 zilizopita, wengine siku 14, wengine wakapewa daftari la kaya, na wengine kila mtu mzima daftari lake akisimamiwa kwa karibu. Kwa sababu ya kura, watu walikuwa wa aina moja, umaskini wao uleule, ila kiwango cha matumizi kilichoonekana, na hivyo idadi ya maskini, kilibadilika sana kwa kubadilisha namna ya kuuliza. Daftari la mtu binafsi ndilo lililoikamata ile supu ya kijiweni. Kwa hiyo ukisikia umaskini umeshuka kati ya utafiti huu na ule, tazama kwanza kama dodoso ni lilelile. Huko nako ni kuuliza: ukilinganisha na nini?

Tozo ya miamala ya simu inanionyesha tunachopoteza. Ilianza 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000. Kila mmoja ana kumbukumbu yake. Kwenye kibanda cha wakala nilikozoea pale Buguruni, foleni ilikatika, na kijana aliyekuwa hapo akaanza kuuza na matunda.

Lakini ilianza siku moja kwa nchi nzima. Hakuna mkoa uliotangulia wala uliobaki nyuma, kwa hiyo hakuna jirani wa kulinganisha naye. Ukichukua Juni na Agosti ukatoa moja kwenye nyingine, umechanganya tozo na mavuno, kwa sababu fedha zinazotumwa kati ya mjini na kijijini huenda kwa majira. Kuna njia ya kupenyea: tozo ilipangwa kwa ngazi. Kama watu wanaikwepa, miamala itarundikana chini kidogo ya kila ngazi na kupungua juu yake, na ukubwa wa lile rundo unakueleza watu wako tayari kuhangaika kiasi gani ili wasikatwe. Kumbukumbu za miamala hiyo zinapatikana kwenye mitambo ya kampuni za simu. Tungeweza kujua makato yapi yanamrudisha mtu kwenye fedha taslimu na yapi anayavumilia, na kodi ijayo ikapangwa kwa kulijua hilo, badala ya kupandisha, kusikiliza kelele, na kushusha.

Ombi langu ni dogo, nalo linahusu zamu. Serikali yetu haiwezi kufanya kila kitu mahali pote kwa siku moja, fedha hazitoshi. Kila mradi una wa kwanza na wa mwisho. Mara nyingi foleni hiyo inapangwa na nani anamjua nani, au diwani wa wapi ana sauti. Ikiwa mitaa kumi imestahili sawasawa na fedha zinatosha mitano, kura ipigwe hadharani, kwenye mkutano, karatasi ndani ya ndoo, mtoto achomoe. Wapo wanaosema huko ni kuwachezea maskini. Naelewa wanatokea wapi, na ninakubaliana nao pale ambapo tunajua tayari nani ana hali mbaya zaidi, au pale ambapo dawa inajulikana kwamba inaponya: hapo mpe mwenye shida, usipige kura yoyote. Lakini pale ambapo wote wanastahili na hatujui kitu kitafanya nini, kura ni haki kuliko simu ya mkubwa, na inatuachia elimu.

Acayucan, mji wa Mexico, walifanya hivyo na barabara za mitaa. Mitaa 56 ilikuwa inasubiri lami, kura ikachagua 28. Marco Gonzalez-Navarro na Climent Quintana-Domeque walizipima kaya kabla na baada. Thamani ya nyumba kwenye mitaa yenye lami ilipanda, watu wakapata mikopo zaidi, na wakanunua vyombo vya nyumbani na vyombo vya usafiri zaidi ya wenzao wa vumbi.

Hapa kwetu mradi wa DMDP, wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, unajenga barabara za mitaani, mitaro na taa. Sijui kama Mbagala itakuwa kama Acayucan, na siwezi kujua kwa kukaa ofisini. Mvua ya masika huku ni nyingine, bodaboda ni nyingine, benki ni nyingine. Lakini maswali yanaandikika kwenye kurasa nne: kodi ya chumba ni kiasi gani, nauli ya bodaboda kwenda kituoni siku ya jua na siku ya mvua, mjamzito anafika zahanati kwa dakika ngapi, fremu ngapi zimefunguliwa, nani amehama na amehamia wapi. Maeneo ya kuhesabia watu yalishachorwa kwa ajili ya sensa ya 2022. Vijana wanaojua kudodosa wamejaa mjini na wengi hawana kazi.

Kinachohitajika kutoka kwa wahandisi na maafisa mipango ni orodha ya mitaa, ibandikwe kwenye ofisi za kata kabla ya tenda, pamoja na mwezi ambao kila mtaa utafikiwa. Dodoso la kwanza lazima lifanyike kabla tinga halijashushwa, maana likishapita mara moja, nauli ya siku ya mvua haiwezi tena kuulizwa.